Mkono wa Sweta Uliotafunwa

Kila alasiri, akishavua viatu vya shule, Sindano aliketi kando ya cherehani ya bibi yake na kushona vifungo. Bibi ndiye aliyempa jina hilo la utani kwa sababu ya wembamba wake. Bibi alikuwa fundi wa nguo za shule. Mguu wake ukikanyaga cherehani, mdomo nao haukupumzika.

"Kitendawili," alisema siku moja.

"Tega," Sindano aliitikia kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe wangu ana mkia mrefu, na kila akipiga hatua mkia unapungua."

Kwa kawaida Sindano angejibu upesi kuwa ni sindano na uzi, kisha angelalamika kwamba bibi amemgeuza ng'ombe. Siku hiyo alikiinamia kifungo chake tu. Bibi akasimamisha cherehani. Jicho la fundi huanza na nguo kabla ya uso, na bibi aliona ncha ya mkono wa sweta imefumuka, nyuzi zimelowa.

"Nani amelitafuna sweta hili? Panya wa nyumba hii hawana meno mapana hivyo."

"Lilinasa kwenye msumari, Bibi."

"Msumari wenye mate?"

Hapo Sindano akaanza kulia, na yote yakatoka.

Kwa muda mrefu alikuwa akishikwa na hofu asiyojua inatoka wapi. Moyo ulikwenda mbio, vidole vikafa ganzi, akaona kama pumzi inamwishia. Bibi alilijua hilo, na kila jioni waliomba pamoja. Miezi miwili iliyopita, mwalimu wa shule ya Jumapili alimsimamisha Sindano mbele ya wenzake, akamwekea mkono kichwani na kuomba kwa sauti kubwa. Kisha akamwuliza, "Umepona?" Watoto arobaini walikuwa wakimkodolea macho. Sindano akajibu, "Nimepona," nao wakapiga makofi. Hata bibi alipoambiwa alimshukuru Mungu.

"Lakini sikupona," Sindano alisema. "Ikinijia natafuna sweta ili meno yasigongane. Jioni tukiomba, mimi nafumba macho tu. Mungu anajua nilidanganya. Sasa Mwalimu anataka Jumapili hii nisome mbele ya kanisa zima, watu waone nilivyopona. Nikitetemeka je? Anasema mwenye hofu hana imani."

Bibi aliinuka. Kwa hasira alivaa ndala za rangi mbili tofauti. "Twende."

"Bibi, utamgombeza?"

"Sitamgombeza. Nitamwuliza maswali kwa sauti."

Siku za kazi mwalimu huyo alikuwa seremala. Walimkuta akipiga randa mlango, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, ingawa leo nimeitikia kwa shida. Huyu mtoto ulimponya lini?"

Seremala alishangaa. "Alisema mwenyewe. Na Maandiko yanatuambia tusiogope, Bibi."

"Yanamwambia nani? Asiyeogopa huambiwa usiogope ya nini? Mwenye zaburi alikiri kuwa anaogopa, na siku hiyohiyo akamtumaini Mungu. Naye Bwana Yesu kule bustanini, jasho lilimdondoka kama damu. Mbona yeye humwambii hana imani?"

Seremala alipangusa vumbi kwenye nyusi.

"Ulitaka muujiza, ukamlazimisha mtoto akuletee. Umemfundisha kudanganya ndani ya nyumba ya Mungu, halafu mkampigia makofi. Gundi ya kiti unaipa siku nzima ikauke. Mjukuu wangu ulimpa dakika mbili."

Seremala akaiweka randa chini. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Sindano. "Binti yangu, ulisema umepona kwa sababu uliniogopa mimi?"

Sindano aliitikia kwa kichwa.

"Nisamehe. Nilidhani nakusaidia. Jumapili nitamtafuta msomaji mwingine."

"Nataka kusoma," Sindano alisema, akijishangaa mwenyewe. "Lakini sitaki kusema nimepona."

"Basi utasoma utakapokuwa tayari," mwalimu alijibu.

Kesho yake bibi alimpeleka zahanati. Muuguzi aliwaeleza kwamba hofu ya namna hiyo inajulikana, wengi wanayo, na si ya kuonea haya. Alimfundisha Sindano kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, akamtaka arudi kila wiki. "Na muendelee kuomba," alisema. "Zahanati na kanisa havigombani."

Tangu jioni hiyo ombi la Sindano lilikuwa fupi: "Mungu, ninaogopa. Kaa nami." Alijizoeza kusoma kando ya cherehani, kwanza kwa bibi peke yake, halafu mbele ya wateja. Siku nyingine mambo yalikwenda vizuri. Siku moja alishindwa hata kuingia darasani, bibi akaenda kumchukua, na kesho yake wakaanza upya.

Wiki ya sita alisimama kanisani, karatasi mkononi. Mistari miwili ilipita salama. Kwenye wa tatu pumzi ilikwama, na karatasi ikaanza kutetemeka.

"Simu ya nani hiyo inatetemeka?" mtoto mmoja alinong'ona, na benchi zima likacheka.

Sindano aliinua macho. "Ni mimi. Naogopa. Nisubirini kidogo."

Kicheko kilikatika. Alivuta pumzi polepole, akaitoa, akavuta tena. Kanisa zima likangoja. Kisha akasoma mpaka mwisho.

Mwalimu akasimama. "Niliwaambia mwenye hofu hana imani. Nilikosea, na nilimkosea mtoto huyu. Mwenzako akitetemeka, usimcheke wala usimharakishe. Nawe unayetetemeka, usijifanye umepona ili kutufurahisha. Sema kweli, tafuta msaada, na usiache kumwomba Mungu, hata kama jibu linakuja kwa hatua ndogondogo."

Walipotoka nje, Sindano alimshika bibi mkono.

"Bibi, hofu itarudi?"

"Huenda ikarudi, mjukuu wangu. Ikirudi, itukute tunaomba na tunapumua, wala hatuna tunachokificha."