Jiko la Kopo na Maganda ya Korosho

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, majiko matatu yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja wa shule moja mjini Ruangwa, na juu ya kila jiko palikuwa na sufuria ya maji. Skauti wa darasa la sita walisimama nyuma ya mstari wa chokaa. Kila Jumamosi walijifunza jambo moja la kambini: kufunga mafundo, kusoma dira, kusafisha kidonda. Siku hiyo walikuwa wanachagua jiko la safari.

Jumamosi iliyofuata wangeanza kutembea kwa miguu kwenda Nambilanje, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Njiani wangelala katika shamba la mikorosho la Bibi Mwamini, mkulima aliyekubali kuwapokea kwa sharti moja: moto usiguse majani ya shamba lake.

"Jiko zuri la nyumbani linaweza kuwa jiko baya la safari," alisema Mwalimu Rozalia, msimamizi wa skauti. "Linyanyueni kwanza. Kisha niambieni linatumia nini, na hicho mtakibebaje."

Wakanyanyua. Jiko la gesi, ambalo mwalimu aliliazima Nachingwea, lilichemsha maji bila moshi wowote. Lakini Zulfa, mmoja wa skauti, alipoutia mtungi wa gesi katika shanta, alitembea hatua chache tu akaomba asaidiwe kuutua. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa jepesi zaidi, ila lilipoinamishwa lilivuja.

"Unga wetu utanuka mafuta ya taa hadi Nambilanje," Zulfa alisema.

La tatu lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, limetobolewa matundu chini na juu, na ndani yake kopo dogo la kuwekea kuni. Likiwashwa, hewa huingia chini na moto husimama wima. Jiko lenyewe lilikuwa jepesi kama kofia. Aliyelitengeneza, kwa nyundo na msumari, alikuwa Zipora Ndalahwa.

Zipora alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walihamia Likunja na ng'ombe wao wakitokea Magu, karibu na Ziwa Viktoria. Yeye alikaa mjini kwa shangazi yake ili asome. Alichukua magunzi ya mahindi, akayavunja vipande, akaanza kuyapanga ndani ya kopo.

"Mbona hukuleta mavi ya ng'ombe?" aliuliza Bilali, kiongozi wa kikosi chao. Wenzake wakaangua kicheko.

"Kwetu Magu miti ni michache, kwa hiyo tunapikia hayo, na ugali unaiva," Zipora alijibu bila kuinamisha kichwa. "Leo nimeleta magunzi. Una swali lingine?"

Bilali alisubiri mpaka Mwalimu Rozalia alipokwenda kurudisha mtungi wa gesi ofisini, kisha akafungua mfuko aliokuja nao. Ulikuwa umejaa maganda ya korosho kutoka kwa mjomba wake anayebangua. Akamwaga magunzi chini, akatia maganda, akawasha. Moto uliruka juu kwa kishindo. Maji yakachemka upesi kuliko kwenye gesi.

"Umeona? Hiyo ndiyo nishati ya Ruangwa!" alisema Bilali. Wenzake wakapiga makofi.

Zipora hakupiga. Alikuwa anatazama. Moshi ulikuwa mweusi, na waliosimama upande wa upepo walianza kufikicha macho. Mafuta meusi yalichuruzika kwenye ubavu wa kopo. Kisha tone moja la moto likaruka nje, likatua mchangani na kuendelea kuwaka peke yake.

"Hayo yanaruka," alisema. "Yakitua kwenye majani makavu itakuwaje?"

"Sikia, sisi tumezaliwa kwenye korosho. Wewe umezaliwa zizini. Leo unifundishe maganda?"

"Sikufundishi. Nakuonyesha. Lile pale, bado linawaka."

Bilali alilifukia lile tone kwa kisigino. Mwalimu aliporudi, maganda yalikuwa yamekwisha kuwa majivu, na hakuna aliyeyataja.

"Basi mtatumia kopo," Mwalimu Rozalia aliamua. "Kwa magunzi. Fagieni duara kubwa kabla ya kuwasha. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Na mvua inyeshe au baridi iwe kali, jiko haliingii ndani ya hema. Moto uliofungiwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulala nayo asiamke. Mtunza moto wa kikosi chenu ni Zipora."

"Mfugaji kutunza moto!" Bilali alinong'ona. "Shamba litabaki majivu."

Maneno hayo yalikuwa na historia yake. Mwaka uliotangulia, moto ulikuwa umeteketeza sehemu ya shamba lililopakana na la Bibi Mwamini. Watu wengi walisema wafugaji ndio waliochoma ili majani mabichi yaote. Hilo lilisemwa, lakini halikuthibitishwa. Ndalahwa, baba yake Zipora, aliusikia uvumi huo mnadani, kisimani na hata kwenye misiba. Binti yake alipokwenda kumwomba ruhusa ya safari, alimketisha kwanza.

"Skauti asiyemtii kiongozi wake anarudishwa nyumbani, si ndiyo?" alimuuliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi ujue, ukirudishwa wewe, hawatasema Zipora karudishwa. Watasema wafugaji wamerudishwa, na kwamba walijua tangu mwanzo."

"Sitarudishwa, baba."

Safari ilianza vizuri. Walipita Chunyu wakiimba, kila kikosi na wimbo wake. Mikorosho ilikuwa imechanua, na chini yake majani makavu yalilia kama karatasi kila upepo ulipopita. Walifika kwa Bibi Mwamini jua likiwa bado juu ya miti. Mwalimu Rozalia alivipa vikosi sehemu zao, kisha akaenda upande wa pili wa shamba kusaidia waliokuwa wanahangaika na hema.

Zipora alikata tawi bichi, akafagia duara mpaka udongo mtupu ukaonekana. Akajaza ndoo mchanga wa njiani, karibu na hapo. Akaweka jiko katikati, akanyoosha mkono.

"Magunzi."

Bilali alimpa mfuko. Zipora alifungua akaona maganda.

"Magunzi yako wapi?"

"Nimeyaacha tulipopumzika. Yanajaza shanta bure. Hayo yanatosha kupika leo na kesho."

"Nitaokota vijiti."

"Mpaka uokote, sisi tumekufa njaa. Washa hayo."

"Siwashi."

"Zipora, unazingua!" alisema Zulfa, ameshika unga mkononi. "Tunataka kula."

"Tutakula. Nipeni muda wa kuokota vijiti."

Bilali alishika utepe wa kiongozi uliokuwa begani mwake. "Hii ni amri."

"Nimeisikia. Siwashi."

"Unajua asiyetii anarudishwa? Kesho asubuhi utapakiwa kwenye pikipiki mpaka kwenu kwa ng'ombe."

Zipora alijua. Sauti ya baba yake ilimjia, kavu, neno kwa neno. Lakini alikuwa ameliona lile tone likiwaka mchangani, na hapa, nje ya duara, ardhi yote ilikuwa majani makavu. Akakunja mikono.

"Kanishtaki," alisema. "Mimi nitamwambia mwalimu nilichokiona. Wewe umwambie ulichokileta."

Bilali alimsukuma kando, akachukua jiko na maganda. Upepo ulikuwa unavuma katikati ya duara, kwa hiyo akaenda kujikinga nyuma ya shina la mkorosho, nje kabisa ya pale palipofagiwa. Akajaza maganda kwa mikono yake, akawasha. Moto ulipanda kwa kishindo kile kile. Akageuka kuwatazama wenzake, akatabasamu.

Ganda moja lilipasuka. Mafuta yake yaliruka yakiwaka, mengine yakatua mkononi mwa Bilali, mengine kwenye majani. Alipiga yowe, akaangusha jiko. Maganda yote yakamwagika yakiwa na moto, na majani yakashika.

Zipora alikuwa amekwisha kuikamata ndoo. Alimwaga mchanga pale moto ulipoelekea, si pale ulipotoka, kwa sababu upepo ndio uliokuwa unaupeleka. Kisha akalichukua lile tawi bichi akaanza kupiga ukingo wa moto.

"Zulfa, mchanga! Usimwage maji kwenye mafuta, leta mchanga!"

Zulfa aliitupa kando pakiti ya unga, akajaza ndoo, akarudi mbio. Moto ulikuwa umepanda kwenye tawi moja la chini na kuyakausha maua yake. Wakaupiga, wakaufukia, mpaka ukabaki moshi.

Moshi huo Bibi Mwamini aliutambua kabla hajafika. Alikuja amejifunga khanga kiunoni, Mwalimu Rozalia akiwa nyuma yake. Alitazama majani yaliyoungua, akatazama tawi lililonyauka, kisha akamtazama Zipora aliyekuwa bado ameshika tawi la kuzimia moto, uso umejaa masizi.

"Nilijua!" alisema. "Nilisema moto usiguse majani yangu, nanyi mkaniletea binti wa yule mfugaji Ndalahwa. Hawa moto ni ndugu yao!"

Zipora alihema, lakini macho hakuyashusha. "Shikamoo, bibi. Nilikataa kuwasha. Sikukataa kuzima."

"Nani basi aliyewasha?"

Bilali alikuwa amesimama nyuma ya Zulfa, mikono mgongoni.

Bibi Mwamini aliinama, akanusa kopo, akaligeuza kwa kijiti. "Haya ni maganda. Mafuta ya maganda hayafichiki. Yanachubua ngozi na kuacha weusi usiotoka kwa kuoga mara moja. Nionyesheni mikono."

Zipora alitupa tawi, akaonyesha viganja. Vilikuwa na mchanga na masizi. Bibi alivisugua kwa pembe ya khanga yake, masizi yakatoka, ngozi ikaonekana safi. Zulfa alionyesha vyake, vyeupe kwa unga. Bibi alikuwa anageuka kwa wa tatu, lakini Bilali akamtangulia. Alitoa mikono mgongoni. Vidole vilikuwa vyeusi, na nyuma ya mkono wa kulia ngozi ilikuwa nyekundu, imeanza kuvimba.

"Ni mimi, bibi," alisema. Akasogea mbele ya Zulfa. "Ni mimi. Magunzi niliyatupa. Zipora alikataa mbele ya wote, nikamwambia nitamrudisha kwao. Hata shuleni nilijua yanaruka. Nilifukia tone kwa kisigino."

Zulfa alikimbilia shanta lake, akarudi na dawa ya meno. Mwalimu Rozalia akamzuia.

"Hapana. Dawa ya meno ni ya meno. Lete maji safi na sabuni." Aliosha mafuta mkononi mwa Bilali, kisha akaendelea kuumwagia maji yaliyopoa kwa muda mrefu, bila haraka. Alipomaliza, aliufunika kwa kitambaa safi.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Bilali, jiko hukulichagua. Ulichagua mwali mrefu na makofi. Maganda yanachemsha maji upesi, hilo ni kweli. Kweli nyingine ni moshi wake, mafuta yake na cheche zake, na hizo uliziona ukazificha. Anayechagua jiko la safari anajiuliza: ni zito kiasi gani, linatumia nini, na nitaliwashia wapi? Swali la mwisho ndilo uliloliacha, nalo ndilo lililotaka kuunguza shamba la mtu."

Bilali alivua utepe begani kwa mkono wa kushoto, akampa mwalimu. Mwalimu akaupokea.

"Na wewe Zipora. Kanuni yetu inasema kiongozi atiiwe. Imewekwa ili watu wawe salama. Amri inayowahatarisha watu, skauti ana haki ya kuikataa, akiwa na sababu anayoweza kuieleza mbele ya yeyote. Wewe ulikuwa nayo. Hurudi nyumbani. Lakini siku nyingine ukiona tone likiwaka shuleni, usiniachie nigundue mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

Asubuhi Bilali alifunga maganda yaliyobaki katika mfuko, akautia katika shanta lake ili ayarudishe kwa mjomba wake. Hakuna aliyemwagiza. Zipora alikuwa amerudi na mzigo wa vijiti vikavu. Aliviweka katikati ya duara lililofagiwa upya.

Bibi Mwamini alikuja na birika na fungu la magunzi. Alivitua chini, akatoa kiberiti kwenye pindo la khanga, akamnyooshea Zipora.

"Washa, mjukuu wangu. Tupate chai."

Zipora hakukipokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Jana ulisema moto ni ndugu yetu. Baba yangu ameyasikia maneno hayo mnadani na kisimani, na hajawahi kuchoma shamba la mtu. Naomba uyafute."

Zulfa alishika mdomo. Mwalimu Rozalia aliacha kukunja hema. Mtoto hamwambii hivyo mtu mzima, na wote walilijua hilo, Zipora akiwa wa kwanza. Lakini alibaki amesimama, mikono ubavuni, akingoja.

Bibi Mwamini aliutazama mkorosho wake, penye tawi lililonyauka na matawi mengine yote yenye maua.

"Nimeyafuta," alisema. "Na nitayafuta kisimani pia, mbele ya wale niliokuwa nikisema nao."

Zipora alipokea kiberiti kwa mikono miwili. Alivunja magunzi, akapanga vijiti, akawasha. Moto ulisimama wima ndani ya kopo, mdogo, bila kuruka. Maji yalipochemka, Bibi Mwamini alitia majani ya chai kwa mkono wake mwenyewe.