Mpaka Ulihama, Kondoo Wakabaki

Asubuhi hiyo Mererid alikuwa akikanda unga wa mkate wa zabibu. Alipotupa jicho dirishani, akashangaa. Idwal, mumewe, alikuwa akiteremsha kondoo kutoka mlimani. Haukuwa wakati wa kuwakata manyoya wala wa kuwaogesha. Mererid akafuta mikono, akatoka nje.

"Bwana wee, kuna nini leo?"

"Nawauza. Lori liko njiani."

"Unawauza wote?"

"Wote."

Mererid akawatazama mmoja mmoja. Kondoo hawa si viazi, eti uuze leo ununue vingine kesho. Mlima ule hauna ua. Kila jike anaijua sehemu yake kwa kuwa alifundishwa na mama yake, na mama naye alifundishwa na bibi. Ukileta kondoo wageni, watatawanyika na kupotea. Kundi kama lile likishauzwa, halirudi tena.

"Kwa nini lakini?" akauliza.

"Hujasikia? Tume ya mipaka ya majimbo ya uchaguzi imetoa ramani mpya. Shamba letu linatolewa jimbo la Elwog, linatiwa jimbo la Fedwyn, kule ng'ambo ya mlima. Haki yetu ya malisho iko Elwog. Mpaka ukihama, haki nayo imekwenda. Heri niuze mapema."

"Nani kakwambia?"

"Watu wa mnadani."

"Ehe! Haohao waliokuuzia mbwa anayeogopa kondoo?"

Idwal akaendelea kuwaingiza kondoo zizini. Mbwa mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya ndoo.

Mererid hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna. Alikuwa amepiga kura tangu usichana wake. Lakini hakuwahi kujiuliza mpaka wa jimbo unapita wapi, wala nani anauchora. Sasa alitaka kujua. Akavuka daraja la mto mbio, aproni kiunoni, hadi kwa Gwerfyl. Huyu Gwerfyl ndiye aliyesimamia kituo cha kura cha kijiji, katika chumba cha nyuma cha kanisa.

"Jirani, njoo! Idwal anauza kondoo kwa sababu ya ramani!"

"Makubwa! Ngoja nivae viatu."

Walipofika, lori lilikuwa limeshaingia uani. Idwal alikuwa ameshika komeo la zizi.

"Idwal, nijibu swali moja kabla hujafungua," Gwerfyl alisema, huku akihema. "Babu yako alipiga kura jimbo gani?"

"Elwog. Wapi kwingine?"

"Siyo. Jimbo la Elwog halikuwapo. Alipiga kura jimbo la Maendu."

"Maendu? Ndiyo nini hiyo?"

"Lilifutwa. Machimbo ya mawe ya kuezekea yalipofungwa, watu walihama, wapiga kura wakapungua. Likaunganishwa na jirani yake, baba yako akawa wa Elwog Kaskazini. Nalo hilo likafa, ndipo ukapata hii Elwog unayoililia. Nyumba yako imepita majimbo matatu, wala haijasogea hata jiwe moja."

Mererid aliitazama nyumba yake kana kwamba anaiona mara ya kwanza. "Sasa kwa nini wanachora upya kila mara?"

"Kila jimbo huchagua mbunge mmoja. Kama huku tuko wachache na kule mjini wamejaa, kura yangu ina uzito kuliko ya mtu wa mjini. Ni haki hiyo?"

"Si haki."

"Basi ndiyo sababu. Tume hujaribu kuyapa majimbo wapiga kura wanaokaribiana kwa idadi. Huku milimani tunapungua, kwa hiyo lazima jimbo la Fedwyn litanuke, lituchukue na sisi."

"Na malisho je?" Idwal aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoa.

"Mpaka wa jimbo unaonyesha unamchagua mbunge yupi, basi. Haugusi malisho, wala kodi ya halmashauri, wala shule. Haki yako ya mlima inafuata shamba, nayo imeandikwa kwenye daftari la halmashauri. Usiniamini mimi, wapigie simu. Baba yako jimbo lilipobadilika, aliteremsha kondoo?"

"Hapana," Idwal alisema polepole. "Alinung'unika tu mwaka mzima."

Akaingia ndani kupiga simu. Alipotoka, masikio yalikuwa mekundu.

"Ndugu yangu," alimwambia dereva wa lori, "nisamehe. Kunywa chai, kisha urudi na lori tupu."

Dereva alicheka mpaka akashika tumbo. Idwal akafungua zizi. Majike wakatangulia, wana wakafuata, wakapanda njia yao bila kuelekezwa na mtu. Mererid alilia kidogo, akasingizia upepo.

Mezani, Gwerfyl aliwaonyesha ramani ya tume kwenye simu yake. Mererid akafuata mstari kwa kidole, akasimama ghafla.

"Mbona unapita mtoni? Sisi tuko Fedwyn, wewe umebaki Elwog! Mto wenyewe mtoto anauruka!"

"Hayo sasa ndiyo ya kuwaambia. Ramani hii ni pendekezo tu. Wanapokea maoni ya kila mtu."

"Nitawaambia watu wa Fedwyn ni wezi wa kondoo tangu enzi za babu!" Idwal alidakia.

"Waambie, watacheka. Idwal, tume haipimi hasira. Inataka sababu. Watu wanasoma wapi? Wanaabudu wapi? Njia ipi inapitika? Na kila mtu aseme kwa maneno yake."

Tume ilipokuja mjini kusikiliza watu, Mererid alisimama.

"Kanisa liko upande mmoja wa mto, shule upande wa pili," alisema. "Tunapenda kubaki Elwog, maana theluji hufunga njia ya mlimani ya kwenda Fedwyn. Lakini kama hesabu haikubali, tuhamisheni wote pamoja. Msitugawe darajani."

Ramani ya mwisho ilipotoka, hawakupata yote. Hesabu haikukubali, wakaenda Fedwyn. Lakini kijiji kilikwenda kizima, pande zote mbili za mto. Idwal alinung'unika, kama baba yake.

Siku ya uchaguzi ilifika. Idwal na Mererid wakavuka daraja hadi chumba kilekile nyuma ya kanisa. Gwerfyl alikuwa mezani, birika pembeni.

"Kitambulisho, tafadhali," alisema.

"Gwerfyl! Juzi tu umekula kwangu!" Idwal alilalamika.

"Kitambulisho."

Idwal akakitoa, akapewa karatasi, akapiga kura. Nje alisimama akiutazama mlima. Jike mmoja alikuwa akila majani, mwanawe ubavuni, mahali alipokula bibi yake.

"Mke wangu, pale juu ni jimbo gani sasa?"

"Muulize jike mwenyewe," Mererid alisema.