Colette Hakupiga Inanga

— Munyamaze, Frère Léonard alisema, akisogeza kiti karibu na redio. Njo wao sasa.

Wanafunzi zaidi ya hamsini walikuwa wamebanana ndani ya darasa la mwisho, wavulana upande wa madirisha, wasichana upande wa ubao. Ilikuwa siku ya posho, yaani Jumamosi, saa tisa mchana, mwezi wa nne mwaka 1966. Drocella alisimama nyuma kabisa, mikono ameificha ndani ya pulova.

Mtangazaji wa Bukavu alikohoa kidogo, kisha akasema:

— Wapenzi wasikilizaji, sasa ni muziki bila maneno kutoka kwa wanafunzi wa Masisi. Gitaa, Floribert. Ngoma, Polycarpe. Inanga, Colette wa Walikale.

Vichwa viligeuka. Muziki ulikuwa umeshaanza, na Drocella alivisikia vidole vyake mwenyewe vikitembea juu ya nyuzi nane za inanga, zeze la ubao la kwao, wazi kama maji ya kijito, huku darasa zima likimtazama yeye na kutafuta huyo Colette ni nani. Alimtafuta Floribert kwa macho. Floribert alikuwa ameinamia viatu vyake.

Hakungoja wimbo uishe. Alisukuma mlango, akatoka.

Wimbo ule uliwagharimu miezi miwili. Wazo lilikuwa la Frère Léonard, bruda wa misheni na mwalimu wao wa muziki, aliyekuwa na mashine ya kunasa sauti inayokula betri kama mbuzi anavyokula majani ya maharagwe. Aliwaita watatu: Floribert, wa kabila la Wanyanga la Walikale, mwenye gitaa la mbao alilojitengenezea; Polycarpe, wa kabila la Wahunde wa palepale Masisi, mpiga ngoma; na Drocella, ambaye kwao walisema Kinyarwanda. Aliwaambia watunge muziki usio na neno hata moja. Hakueleza sana. Fujo za vilimani, kati ya wasema Kinyarwanda na majirani zao, hazikuwa za zamani, majivu ya nyumba nyingine yalikuwa bado meusi, na kila mtu alijua kwamba wakianza kuimba, swali la kwanza litakuwa wanaimba kwa lugha ya nani.

Mwanzoni hawakupatana hata kidogo. Inanga haikukubali kulifuata gitaa, ikabidi Floribert alegeze nyuzi zake moja moja mpaka gitaa liifuate inanga. Polycarpe alikimbiza ngoma kama mtu anayewahi mvua. Walirekodi mara saba. Mara mbili mvua ilipiga mabati wasisikie kitu, mara moja ng'ombe wa misheni akalia katikati. Waliziba madirisha kwa mablanketi, wakatoka jasho, wakagombana, wakacheka. Sehemu ya katikati, pale gitaa linanyamaza na inanga inabaki peke yake, ilikuwa ya Papa Ndagijimana, baba yake Drocella. Ndiyo aliyomwachia. Baba mwenyewe alichukuliwa nyumbani siku moja ya fujo, hakurudi.

Na ndani ya miezi ile miwili Drocella na Floribert walipendana. Halikuwa jambo la kutangaza. Ilikuwa Floribert kumshikia inanga wakati anakaza nyuzi, na mikono ikachelewa kuachana. Ilikuwa vikaratasi ndani ya kitabu cha nyimbo. Alimwandikia kwamba wakimaliza shule atampeleka kwa mjomba wake Edmond, mfanyabiashara wa Hombo aliyemlea tangu wazazi wafe. Kabla ya kanda kutumwa Bukavu, ni Floribert aliyeandika barua ya kuisindikiza, na majina ya wapigaji.

Jioni ile bwenini, Vestine, aliyelala kitanda cha pili, alimkalia Drocella miguuni akamwambia bila kumficha. Wasichana wanasema Floribert ana mchumba kwao, na huyo ndiye Colette. Kwamba mjomba amekwisha kumchagulia. Drocella aligeukia ukuta, akauma blanketi.

Siku ya pili, Jumanne, kikaratasi kilifika ndani ya kitabu cha nyimbo: "Drocella, usisikilize maneno ya bantu wa bwenini. Siku ya ine nitakueleza yote. Floribert wako." Alikisoma mara moja, akafuta kwa kalamu neno la mwisho, akakirudisha.

Siku ya nne, Alhamisi, wanafunzi wote walilima bustani ya misheni. Floribert alimkuta kwenye mstari wa maharagwe, jembe mkononi.

— Colette ni nani? Drocella aliuliza, bila kusimamisha jembe.

— Iko dada yangu. Mutoto wa miaka munane. Hajagusa inanga hata siku moja.

Jembe lilisimama. Kwa muda mfupi moyo wake ulipumua, hakuna mchumba. Halafu pumzi ile ikageuka kuwa kitu kingine.

— Sasa juu ya nini aliandikwa yeye?

Floribert alitazama huku na huku. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba Papa Edmond husikiliza kipindi kile kila wiki dukani, wateja wamejaa. Kwamba amemwambia mara nyingi asichanganye jina lao na la "bale bantu", yaani wale watu wa Kinyarwanda. Kwamba hata hapa Masisi, jina la kwao Drocella, Mukandori, likitoka redioni, watu wabaya wangejua mahali pa kumpata.

— Nilitaka kukukinga, alimaliza.

— Mimi ao wewe?

Floribert aling'oa jani la haragwe.

— Yote mbili, alisema.

Angedanganya, pengine angemuumiza kidogo siku ile na zaidi baadaye. Lakini alisema kweli, na Drocella akaipokea.

— Walipokuja kwetu, alisema polepole, walisimama ku mulango wakaita jina ya papa. Alikuwa anaweza kunyamaza. Alikuwa anaweza kusema Ndagijimana hayuko. Aliitika, juu hakutaka waingie kututafuta sisi. Wewe hakuna muntu alikuita, Floribert. Ulikaa ku kiti, na kalamu, ukanifuta.

— Drocella, unisamehe.

— Wimbo wa papa yangu umepita ku redio, na ni kama hakuzaa.

Alichukua jembe lake, akahamia mstari mwingine. Tangu siku ile hakushika inanga.

Mwezi wa sita mwanzoni barua ilifika kwa Frère Léonard. Watu wa redio walikuwa wameupenda muziki ule. Fundi wao atakuja na mashine nzuri kuwarekodi upya siku ya Watakatifu Petro na Paulo, mbele ya watu, ili upigwe mara nyingi zaidi. Barua iliwasalimu wote watatu: Floribert, Polycarpe na Mademoiselle Colette.

Frère aliposoma jina lile alivua miwani. Alikuwa amedhani mtangazaji alikosea kusoma. Alimwita Floribert ofisini, na yaliyosemwa humo hayakutoka nje, ila Floribert alitoka masikio yamemwiva.

Aliyemfuata Drocella ni Polycarpe. Alikuwa kijana wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote.

— Mimi sikujua, dada. Ningejua, ningemupiga. Lakini rudi tupige.

— Nirudi kama nani? Kama Colette?

— Na kwetu nyumba iliungua, Polycarpe alisema. Bibi yangu alikuwa ndani. Sikukuuliza kama ni bantu wa kwenu njo waliwasha moto, siku nilikaa na ngoma pembeni yako. Usiniache mimi juu ya kosa ya yule.

Drocella hakuwa amelijua jambo la yule bibi. Alikaa chini kwenye majani. Baada ya muda mrefu alimwambia amfikishie Floribert neno moja tu: atapiga, iwapo Floribert mwenyewe atalisema jina lake mbele ya mikro ya kunasia sauti, mbele ya watu wote, Papa Edmond aliyealikwa akiwemo.

— Akishindwa?

— Nitasimama na inanga yangu niende kwa mama. Nawe utanisindikiza.

Siku ya sikukuu uwanja wa misheni ulijaa. Papa Edmond alifika kutoka Hombo kwa kamyo yake ya mizigo, koti jeusi, kofia mkononi, akaketi mstari wa mbele. Mama Anastasie, mama yake Drocella, alikaa mbali chini ya ukuta wa kanisa pamoja na wanawake wa kilimani kwake. Hakupenda kukaa katikati ya watu wengi tangu mwaka ule mumewe alipochukuliwa.

Fundi wa redio alisogeza mikro kwa Floribert, akamwomba ataje wapigaji.

Floribert aliishika mikro kwa mikono miwili. Alimtazama mjomba. Drocella, inanga magotini, hakumtazama yeyote. Alikuwa akihesabu nyuzi zake, na alikwisha kuamua kwamba akifika wa nane bila kusikia kitu, atasimama.

— Kwanza kuko kosa, Floribert alisema. Ile barua tulituma, mimi njo niliiandika. Ile jina ya Colette niliweka juu ya woga.

— Floribert, Papa Edmond alisema kwa upole kutoka mstari wa mbele. Ikala chini.

Floribert hakukaa. Magoti yake yalitetemeka, suruali ikionyesha.

— Mwenye kupiga inanga ni Mukandori Drocella, binti ya Ndagijimana wa hapa Masisi. Na ule wimbo wa katikati papa yake njo aliutunga. Mimi nilijua, nikanyamaza. Niko naomba musamaha kwake na kwa mama yake.

Watu waligeukiana. Halafu minong'ono ikapita kama upepo kwenye mihogo. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti tangu lini bale wako ba hapa. Baadhi waliondoka. Papa Edmond alivaa kofia yake, akamkaribia mpwa wake mpaka uso kwa uso.

— Kwangu usirudi tena, alisema, na kamyo ikasikika ikiteremka kilima kabla muziki haujaanza.

Walipiga vibaya. Floribert alikosea mara mbili. Ni Polycarpe aliyewabeba, ngoma yake ikienda taratibu, bila haraka hata kidogo, ikiwangoja. Fundi aliomba warudie. Mara ya pili, Drocella alipofika sehemu ile ya peke yake, mama yake alisimama pale ukutani, akajifunika uso kwa kitambaa.

Baadaye Floribert alimkuta Drocella akifunga inanga.

— Umesema kweli, Drocella alimwambia. Nimesikia. Lakini sijapona.

— Nitangoja.

— Ungoje. Sikupi ahadi.

Floribert alimaliza shule bila nyumba ya kurudi. Alipata kazi ya ualimu Kalembe, mpakani, pale Masisi inapokutana na Walikale. Drocella alifundisha watoto wadogo karibu na kwa mama yake. Barua za Floribert alizisoma zote, nyingi hakuzijibu. Hazikuwa za kubembeleza. Alimwandikia kwamba watoto wa darasa lake wanasema lugha nne, kwamba amelala na homa, kwamba wazazi wawili wamewatoa watoto wao waliposikia habari ya Mukandori, na mmoja amemrudisha wake. Ilipita mwaka na nusu kabla Drocella hajaandika: "Kuja. Lakini uongee na mama, hapana mimi."

Alikuja mwezi wa pili 1968, kwa miguu. Mjomba alikuwa amekataa kumsemea posa, basi aliyekuja kumsemea ni baba yake Polycarpe. Mama Anastasie aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana.

— Mutoto wangu, siku bantu wakirudi tena kuita majina ku mulango, utakuwa wapi?

Floribert alisogea hatua moja mlangoni.

— Sijui, Mama. Mara ya kwanza nilikimbia, na hakuna hata muntu alinifukuza. Mara ya pili nilisimama, magoti ikitetemeka. Siwezi kukuapia zaidi ya ile.

Mama Anastasie alimpima kwa macho kutoka miguu yenye vumbi hadi kichwani. Halafu alimwuliza binti yake kama amesikia.

— Nimesikia, Mama, Drocella alijibu kutoka ndani. Muntu wa kuapa bila kutetemeka mimi namuogopa zaidi.

— Basi muingie, Mama alisema. Mumesimama sana.

Walifunga ndoa Kalembe mwezi wa nane. Papa Edmond hakuja wala hakutuma salamu. Walikuja wachache kutoka Walikale, wachache kutoka vilimani, wakakaa kila kundi benchi lake, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Padri alipouliza kama kuna mwenye neno la kupinga, Mama Anastasie alisimama mstari wa mbele, akageuka, akawatazama wote waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, benchi kwa benchi, bila haraka. Hakuna aliyefungua mdomo. Alipomaliza benchi la mwisho akaketi, akamwambia padri aendelee.