Sifuri Nyekundu ya Binti Yangu

Mimi ni fundi wa vigae. Asubuhi natoka na ndoo na mwiko, jioni narudi na magoti yanayouma. Siku moja nilimkuta binti yangu wa miaka tisa amesimama mlangoni na daftari. Alikuwa amepewa sifuri nyekundu. Mwalimu wake alikuwa ameandika: "Jibu bila hatua. Amenakili. Akirudia, atashushwa darasa."

Damu ilinichemka.

"Mimi navunjika mgongo, wewe unaiba majibu?"

"Baba, sikunakili, nili..."

Sikumwacha amalize. Nilimchapa. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Alilia akaapa: hesabu basi, shule basi.

Jirani yetu, mwalimu wa shule nyingine tunayemwita Mama Chaki, alisikia kilio. Aliingia bila hata kubisha hodi.

"Umemuuliza amepataje?"

"Nimuulize nini? Mwalimu wake keshaandika!"

"Basi wewe na huyo mwalimu lenu moja. Kaa chini!" Akachukua daftari, akamgeukia mtoto. "Mwanangu, kumi na tisa mara ishirini na moja. Ulipataje?"

Binti yangu alifuta machozi. "Nilipanga vigae kichwani. Safu ishirini na moja zimesimama, kila moja vigae kumi na tisa. Nikang'oa safu moja, nikailaza juu ya zile nyingine. Ikawa ishirini kwa ishirini, ila pembeni kimepungua kigae kimoja. Mia nne toa moja. Mia tatu tisini na tisa."

Ndivyo nilivyokuwa nikikadiria sakafu kwa sauti, mbele yake, kila jioni.

"Umesikia?" Mama Chaki alifoka. "Mtoto akipata, muulize njia. Akikosa, muulize njia. Fimbo itakwambia nini?"

Kesho yake tulikwenda shuleni sote watatu.

"Njia hiyo haimo kitabuni," mwalimu wake alianza tulipomsimulia.

"Mpe chaki aeleze!" niling'aka.

Alieleza, na darasa zima likaelewa. Mwalimu alifuta ile sifuri, lakini radhi hakuomba. Hilo linaniudhi bado.

Leo binti yangu ni profesa wa hisabati. Juzi nami nilimwomba msamaha.

"Nilishakusamehe, baba," alisema, akainama. "Ila tangu siku ile, nikipata jibu la swali gumu, namkimbilia Mama Chaki. Kwako naogopa."