Tanzia kwa Nyuki

Rafiki yangu Bernard hajui kufunga mdomo. Siku hiyo alikwenda na mkewe Glenda kutazama waridi kwenye jumba la kale huko Shropshire. Mtunza bustani akawaonyesha mizinga ya nyuki.

"Mtu wa nyumbani akifa, sharti nyuki waambiwe."

Bernard akagonga mzinga. "Poleni, wapenzi. Glenda wangu amefariki."

"Mwehu wewe!" Glenda akacheka hadi akashika mbavu. "Na urithi hupati!"

Nyuki wote wakanyamaza. Mtunza bustani akabadilika uso. "Bwana wee, futa kauli. Haraka!"

Bernard akagonga tena. "Nilikuwa natania! Yu hai!"

Akatega sikio. Ndani ya giza la mzinga akasikia kicheko cha mkewe.

Akageuka. Glenda bado alikuwa ameshika mbavu, kinywa wazi, mabega yakimtikisika, wala hakutoa sauti.