Chumba cha Mikeka Sita

Sogeeni jamani, niwaeleze yaliyomfika Bibi Tomie Kurashina wa mtaa wetu wa Kamizawa. Msije mkamcheka kabla sijamaliza, maana wengi wenu makabati yenu nayajua.

Asubuhi moja ya Novemba, jua likiwa limetulia, Tomie alikaa kibarazani akimenya matunda ya kaki ya kuanika. Mumewe Yasuji, seremala mstaafu wa miaka themanini na moja, aliyafunga kamba na kuyaning'iniza chini ya paa. Hawakuwa na haraka na mtu.

"Hilo tunda umelimenya au umelichonga?" Yasuji alimtania. "Nyama yote imebaki kwenye ganda."

"Chonga wewe basi, si ndiye fundi!"

"Fundi kaishiwa kamba. Nyingine iko wapi?"

"Chumba cha nyuma, juu ya maboksi ya mataulo. Angalia unapokanyaga, Baba."

Alimwita Baba tangu binti yao Chigusa azaliwe, na sasa Chigusa mwenyewe alikuwa mtu mzima anayefanya kazi Tokyo. Yasuji akaingia ndani. Haukupita muda Tomie akasikia maboksi yakiporomoka, kisha kishindo kizito. Alimkuta mzee amelala koridoni, mguu umepinda, mataulo yametapakaa kifuani.

"Usiniinue," alisema kwa shida. "Nyonga imekwenda."

Tomie aliwaambia majirani kuwa ni uzee. Uzee! Lile boksi alilojikwaa nalo je, nalo lilikuwa na miaka themanini?

Hospitali walimtibu nyonga, lakini Yasuji hakusimama tena. Akahamishiwa kituo cha wazee, na huko daktari akawaambia Tomie na Chigusa bila kuficha kwamba moyo wake umechoka, huenda asiyaone maua ya masika. Yasuji alipoulizwa anataka nini, alitaja jambo moja tu. Alitaka kufia nyumbani, katika chumba kinachotazama bustani.

Halmashauri ikamtuma Mikage, dada anayeshughulikia wagonjwa wa majumbani. Alikuja na futi yake, akapima kwa macho zaidi kuliko kwa futi, kwa kuwa sakafu haikuonekana.

"Bibi, kitanda kinaenea hapa vizuri, na muuguzi atakuja kila siku. Ila chumba kiwe kitupu, na koridoni kiti cha magurudumu kipite. Ukiwa tayari nipigie, kitanda kitafika kesho yake."

"Kabla ya Mwaka Mpya patakuwa peupe," Tomie aliahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Kilikuwa chumba cha mikeka sita, maana kwetu ukubwa wa chumba huhesabiwa kwa mikeka inayoenea sakafuni. Mlikuwa na magodoro kumi ya wageni, ambao mara ya mwisho walilala humo Chigusa akiwa shule ya msingi. Yaliyobaki yalikuwa zawadi. Kwetu ukialikwa harusini unarudi na boksi, ukizika unarudi na boksi, ukimpa mtu kitu naye anakuletea boksi la kushukuru. Tomie hakuyafungua. Aliyapanga, kila moja na karatasi yake yenye jina la aliyetoa, ili mwenyewe akija siku moja akute zawadi yake imetunzwa.

Chigusa alifika Ijumaa jioni, akafunga kitambaa kichwani, Jumamosi kukicha wakaanza.

"Haya mataulo?"

"Ya mjomba wako Kanesuke. Weka pembeni."

"Mama! Mjomba Kanesuke amekufa mwaka wa kumi na moja huu!"

"Mkewe je? Akija akaulizia?"

"Mkewe hata jina lake mwenyewe halikumbuki, ndiyo aje kukumbuka mataulo?"

Tomie akacheka, na Chigusa akatumia kicheko hicho kuyatia kwenye mfuko wa takataka. Waliendelea hivyo siku mbili. Jumapili jioni palikuwa na mifuko kumi na tisa mlangoni, na ndani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mikeka miwili ilionekana. Jumatatu alfajiri Chigusa akaipeleka mifuko yote kwenye kituo cha takataka pale kona, akakimbilia treni ya kazini.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mnajua mifuko yetu. Inaonyesha kila kilichomo, jina la familia linaandikwa juu, na jirani wa zamu anasimama pale kuhakikisha taka zimechambuliwa. Zamu ile ilikuwa ya Bi Hisano wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa hajafika bado. Tomie alikwenda kuchungulia tu, roho haikutulia. Katika mfuko wa juu kabisa, chini ya jina la Kurashina, akaona mashuka ambayo hayajafunguliwa, na juu yake karatasi ya zawadi yenye jina la Hisano.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akachukua toroli la bustani, akaanza kurudisha mifuko. Si ule mmoja, yote, maana hakukumbuka mwingine una jina la nani. Alikuwa safari ya mwisho Hisano alipotokea na ufagio wake.

"Kulikoni, Bi Tomie? Mbona unarudisha?"

"Hazijachambuliwa vizuri. Huyu Chigusa, watoto wa siku hizi!"

"Pole. Na mzee anarudi lini?"

"Karibuni," alijibu Tomie, akasukuma toroli.

Chigusa alipiga simu, akaambiwa mifuko imerudi. Akasema, "Mama, wewe unaogopa macho ya Bi Hisano. Baba analala na watu asiowajua." Akakata simu.

Tomie alikwenda kituo cha wazee kila siku ya pili kwa basi.

"Chumba kimefikia wapi?" Yasuji aliuliza.

"Nusu, Baba."

"Nusu ya miaka hamsini!" Alicheka, akakohoa. "Sikiliza, chumba kizima cha nini? Nipe pa kulala tu, bustani niitazame. Mengine yaache."

"Wiki ijayo."

Mikage alipiga simu mara mbili, mara zote akaambiwa wiki ijayo. Mwaka Mpya ukapita. Yasuji akaacha kuuliza, na kule kuacha kuuliza kulimuuma Tomie kuliko kama angegombezwa.

Alikufa asubuhi ya theluji, mwishoni mwa Januari. Tomie alikuwa nyumbani wakati huo, anahamisha maboksi kutoka ukuta huu kwenda ule.

"Mleteni kwake," aliwaambia watu wa mazishi. "Alale kwake walau usiku mmoja."

Wakatangulia wawili, suti nyeusi, wakavua viatu mlangoni. Mmoja aliingia koridoni akipita ubavuubavu, akafika chumbani, akarudi. Wote wawili wakainama.

"Tuwie radhi, mama. Machela haipiti. Na hata ingepita, hatuoni pa kumlaza."

"Nitatoa! Nipeni saa moja!"

Akabeba boksi, akalitupa kwenye theluji. Akabeba la pili, likamponyoka, karatasi ya zawadi ikachanika. Na Tomie, mumewe akiwa anangoja pa kulazwa, akapiga magoti kuinyoosha ile karatasi.

"Mama, acha," alisema Chigusa, aliyekuwa amefika kwa mazishi, machozi yakimtoka. "Acha tu."

Yasuji akalazwa kwenye chumba cha baridi cha ukumbi wa mazishi. Siku ya kumchoma, maana kwetu maiti huchomwa, Tomie aliomba gari lipite mbele ya nyumba. Dereva akapunguza mwendo langoni.

"Baba, tumefika nyumbani," alisema Tomie.

Nyuma yao gari la kuzoa theluji lilikuwa linasubiri njia, kwa hiyo dereva akaondoa gari.

FUNZO

Ndugu zangu, zawadi humaliza kazi yake siku unapoipokea na kusema asante. Ukishindwa kuitumia, mpe anayeihitaji, au itoe bila kuona haya. Jirani ataona mfuko wako asubuhi moja na mchana atakuwa amesahau. Tomie hakuwa mchoyo wala mvivu. Aliwaheshimu watu wote walioandikwa kwenye zile karatasi, wengi wao marehemu, na aliye hai akakosa pa kulala. Chumba kile kimejaa hadi leo, na hakuna tena wa kutolewa vitu kwa ajili yake.

Toeni mngali na nguvu za kubeba. Na wewe mwenye mgonjwa, usingoje kumaliza kulijadili hili na mtu. Nenda sasa hivi ukaanze na njia ya kupitisha kitanda chake.