Mpokeaji wa Ujumbe wa Nthenya

Jioni hiyo nilitoka kununua maziwa ya kopo. Nilimwacha Kavinya, binti yangu wa wiki sita, kwa Everline, jirani yangu wa mlango wa pili hapa mtaani Komarock. Everline ana mvulana wa umri uleule, Austine. Niseme, alikuwa naye.

"Chukua binti yako, Baba Kavinya," alisema niliporudi. "Amenyonya mpaka anajamba kama mzee. Na wewe umekula, ama umemeza kompyuta?"

"Nitakula."

"Mwongo."

Mchana alikuwa akiwanyonyesha wote wawili, tangu mke wangu, Nthenya, afariki siku ya kujifungua. Hospitali ilinirudishia vitu vyake kwenye mfuko, pamoja na ndala moja. Ya pili haikuonekana.

Kazi yangu ni kuandika programu. Niliyokuwa nayo wakati huo iliwakumbusha akina mama wa zahanati moja siku za chanjo. Iliweka kila ujumbe kwenye foleni, katika kompyuta za kukodi zilizo mbali, tunazoziita wingu. Huko programu nyingine, mpokeaji, iliuchukua, ikaupeleka kwenye simu ya mama, kisha ikathibitisha kwamba kazi imekamilika. Isipothibitisha kwa dakika kumi, ujumbe hurudi kwenye foleni. Hurudi mpaka kazi ifanyike.

Nilipomsajili Kavinya, fomu ilitaka jina la mzazi. Ningeweza kuandika langu.

Niliandika Nthenya.

Jioni hiyo nilikuwa nimemzima mpokeaji ili nimrekebishe. Ujumbe wote wa siku hiyo ulipaswa kusubiri. Nilimpakata Kavinya, nikatazama skrini.

Mmoja ulikuwa umechukuliwa.

"Nthenya, leo mlete Kavinya."

Kwenye ngazi...

Pa. Kimya. Pa. Kimya.

Mguu mmoja wenye ndala. Mmoja mtupu.

Harufu ya dawa ya wodi ilipenya chini ya mlango.

"Baba Kavinya..." Sauti ilikuwa ya Nthenya. "Nimeambiwa nimlete mtoto."

Kavinya aligeuza kichwa, akaanza kunyonya hewa. Midomo yake ilikuwa ikipoa chini ya kidole changu.

Sikufungua. Dakika kumi zilipoisha, sauti ilikatika na joto likamrudia mtoto. Kwenye skrini, ujumbe ulirudi kwenye foleni. Sekunde hiyohiyo ukachukuliwa tena.

Pa.

Safari hii ilikuwa sebuleni.

Nilijaribu kuufuta. Ujumbe ulio mikononi mwa mpokeaji haufutiki.

"Mpe," sauti ilinong'ona shingoni mwangu. "Nina kazi ya kumaliza."

Kavinya aliacha kupumua.

Nilihesabu mpaka tisa. Kisha nikaandika kwa mkono mmoja, polepole, bila kosa hata moja:

"Nthenya, marekebisho. Si Kavinya. Ni Austine, mlango wa pili."

Nikatuma.

Ukachukuliwa.

"Asante, Baba Kavinya."

Pa. Kimya. Pa... Mlango haukufunguliwa, lakini nyayo zilisikika upande wa pili. Kavinya akalia. Skrini ikaandika: imekamilika. Jumbe zote mbili.

Nilikuwa na muda wa kwenda kugonga kwa Everline. Nilimtengenezea Kavinya maziwa.

Kilio cha Everline kilianza alfajiri. Daktari alisema kuna watoto wachanga wanaoacha kupumua usingizini. Huenda. Jambo moja tu sijalielewa. Nthenya aliniita kwa jina langu, Mutie, siku zote. Alifariki kabla mtoto hajapewa jina. Hakuwahi kuniita Baba Kavinya.

Sijui ni nani aliyeshukuru.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Everline aligonga. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani.

"Nipe huyo mtoto, Baba Kavinya. Maziwa yananiuma."

Nikampa. Alimnyonyesha akilia, akamfuta machozi yake yaliyomdondokea shavuni.

"Angalau wako yuko," alisema.

"Ndiyo," nikasema.

Chanjo inayofuata ni ya wiki ya kumi. Jina la Nthenya nimelifuta mara nne, na kila asubuhi nalikuta limerudi kwenye orodha. Zamu ya Kavinya ni keshokutwa.

Leo jioni nilipotoka dukani nilikutana ngazini na mama aliyehamia ghorofa ya juu wiki iliyopita. Alikuwa amebeba kichanga mgongoni. Nilimsaidia kubeba mifuko yake mpaka mlangoni.

Nikamsifu mtoto. Kisha nikauliza anaitwa nani.